Moto ndani ya chombo kilichozibwa: njia ipi ya kuuzima inafaa hadithi yako?

Nyumba ikishika moto, watu hutoka nje. Nyambizi ikishika moto mita 200 chini ya maji, au chombo cha anga kikiungua kikiwa kwenye mzunguko, hakuna nje ya kukimbilia. Hewa inayoulisha moto ndiyo hiyo hiyo wanayoivuta watu, na chochote unachomwagia moto kinabaki humo humo pamoja nao. Waandishi wengi wa hadithi za kubuni hukosea hapa. Huchagua njia ya kuzima kwa jinsi inavyosisimua, halafu ukurasa unaofuata wahusika wanaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichopotea. Sisi tunazilinganisha njia hizi kwa swali moja: moto ukishazimika, watu waliobaki wana hewa gani, wana muda gani, na wamepungukiwa na nini?

Chumba kimoja kwa njia zote

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue chumba cha mita za ujazo 100, yaani urefu wa mita 8, upana wa mita 5, kimo cha mita 2.5. Kina hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21. Hewa hiyo ina uzito wa takribani kilo 120, na ndani yake oksijeni ni kama kilo 28. Watu ni wanne. Mlango ni mmoja, wa duara, kipenyo sentimita 60. Moto una nguvu ya kilowati 1,000, kiasi cha kochi la sponji lililokolea moto. Hesabu zinazofuata ni za chumba hiki. Chumba chako kikiwa kikubwa mara tatu, zidisha kiasi cha gesi kwa tatu.

Kuna mambo matatu yanayotangulia njia zote: barakoa usoni, feni kuzimwa, umeme wa eneo lile kukatwa. Kwenye hali ya kutokuwa na uzito, la feni lina uzito kuliko linavyoonekana. Hewa ya moto haipandi juu kwa sababu hakuna juu, kwa hiyo mwali hauvuti hewa mpya wenyewe. Unakuwa tufe dogo la samawati, na mkondo wa hewa wa sentimita chache tu kwa sekunde unatosha kuulisha. Ukizima feni, miali mingi hufifia yenyewe. Lakini kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga vitambuzi vya moshi vimewekwa kwenye njia za hewa kwa sababu moshi nao haupandi. Feni zikisimama, moshi haufiki kwenye kitambuzi. Yaani hatua ile ile inayoudhoofisha moto inakipofusha chombo. Mhusika anayejua kazi yake atazima feni, kisha atahesabu kwamba kuanzia sasa anatafuta kwa macho, pua na kipimo cha mkononi.

Na barakoa nazo. Barakoa inayotumia chupa ya oksijeni safi humwaga chumbani oksijeni iliyobaki kila mtu anapotoa pumzi. Watu wanne wakikaa nazo karibu na moto, wanaulisha. Ya kuchuja moshi haina tatizo hilo, ila haimsaidii mtu kama chumba kimepungukiwa oksijeni. Amua mapema ni ipi iliyo ukutani.

Kufunga mlango na kuusubiri ufe njaa

Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na ndani ya chumba kidogo inafanya kazi haraka kuliko wengi wanavyodhani. Kila kilo ya oksijeni inayoliwa na moto hutoa joto la takribani megajuli 13, karibu bila kujali kinachoungua ni mbao au plastiki. Miali mingi hufa oksijeni ikishuka hadi asilimia 15 hivi. Kwa chumba chetu, hiyo ni kama kilo 8 za oksijeni, megajuli 105. Moto wa kilowati 1,000 unazimaliza kwa chini ya dakika 2.

Kinachoharibika ni shinikizo. Hata kama sehemu moja tu ya kumi ya joto hilo itabaki hewani na nyingine imezwe na kuta, hewa inapata nyuzi kama 120 zaidi na shinikizo linapanda kwa asilimia 40. Kwenye ule mlango wa sentimita 60, huo ni mzigo wa zaidi ya tani moja. Mlango unaofunguka kuelekea ndani haufunguliwi na binadamu yeyote. Tarehe 27 Januari 1967, moto ulipozuka ndani ya Apollo 1 wakati wa jaribio ardhini, wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa nyuma ya mlango wa namna hiyo, na shinikizo la ndani likaufunga kuliko komeo lolote. Mlango unaofunguka nje nao una hatari yake. Anayeachia komeo anapigwa na tani ile ile usoni.

Jambo la pili: miali kufa si moto kufa. Godoro, nguo na insulesheni ya nyaya huendelea kufuka bila mwali kwenye oksijeni ya chini sana kuliko asilimia 15, zikitoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, saa baada ya saa. Mlango ukifunguliwa mapema, hewa mpya inakutana na gesi za moto ambazo hazijaungua, na chumba kizima kinalipuka mara moja.

Uzuri wa njia hii kwa mwandishi ni kwamba inamtaka mtu aamue nani yuko upande gani wa mlango. Februari 1972 nyambizi ya Kisovieti K-19 iliungua, na mabaharia 12 walinaswa kwenye chumba cha nyuma, ng'ambo ya vyumba vilivyoungua. Walikaa humo zaidi ya wiki tatu, gizani, kabla ya kutolewa. Hadithi nzima inaweza kukaa kwenye chumba kile.

Kuimwaga hewa kwenye ombwe, yaani nje kusiko na hewa

Hii inapendwa sana, na karibu kila mara inaandikwa vibaya. Mhusika anabonyeza kitufe, hewa inatoka kwa kishindo, moto unazimika kwa sekunde moja. Tuone.

Tundu la sentimita 10 kwa 10 kwenye chumba chetu linaitoa hewa kwa kasi ya karibu ya sauti, na bado nusu ya shinikizo inahitaji zaidi ya nusu dakika kuondoka. Kufika sehemu moja ya kumi ni takribani dakika 2. Ukitaka sekunde moja au mbili, unahitaji tundu la ukubwa wa mlango wa gari, na hapo kila kisichofungwa kitapita humo, watu wakiwemo. Katika dakika ile ya kwanza upepo unaokimbilia tunduni unaupulizia moto. Mwali uliokuwa tufe tulivu unalambwa, unarefuka na kuelekea kwenye tundu, na kilichopo njiani kinashika. Kwa hiyo mahali ilipo vali ni jambo la kuandikwa. Ikiwa upande wa pili wa chumba kutoka kwenye moto, umeukokota moto kupitia chumba kizima.

Hewa hiyo ikitokea upande mmoja inasukuma chombo. Tundu letu dogo linaanza na msukumo wa karibu nyutoni 1,300, sawa na uzito wa kilo 130. Chombo kinaanza kujizungusha polepole, antena inapoteza shabaha, paneli za jua zinageuka upande. Wasanifu makini huweka matundu mawili yanayotazamana ili misukumo ifutane. Moja likiziba kwa masizi, umepata tatizo jipya bila kulitafuta.

Kisha mtu. Barakoa haisaidii kitu kwenye ombwe. Inahitajika suti ya shinikizo, na suti haivaliwi kwa dakika moja. Asiye na suti ana sekunde kama 10 za fahamu.

Na gharama: kilo 120 za hewa zimekwenda. Mtu mmoja hutumia takribani kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, hivyo zile kilo 28 zilikuwa pumzi ya watu wanne kwa siku 8. Chombo kilichobeba akiba ya kujaza chumba mara moja hakitarudia hili mara ya pili, na wahusika wanalijua wanapokibonyeza kitufe.

Hata baada ya yote hayo, ombwe linaondoa hewa, haliondoi joto. Chuma kilichoiva kinabaki kimeiva, tena kinapoa polepole zaidi kwa sababu hakuna hewa ya kulichukua joto lake. Ukijaza chumba mapema, moto unarudi. Tunaishauri njia hii kwa chombo kikubwa chenye vyumba vingi, chumba kisicho na mtu, na mwandishi aliye tayari kuutumia ukosefu wa hewa kama mwendo wa sehemu nzima ya pili ya kitabu. Kwa chombo cha chumba kimoja, iache.

Kabonidioksidi au naitrojeni

Hapa ndipo tunapotaka usome taratibu, kwa sababu gesi hizi mbili zinafanana kwenye karatasi na zinatofautiana kama uhai na kifo.

Zote mbili huuzima moto kwa kuipunguza oksijeni kwa asilimia. Kwa kabonidioksidi, kiwango cha chini kinachotumika kwenye mifumo ya kujaza chumba ni asilimia 34. Ndani ya chumba kilichozibwa kweli kweli, ambako hewa ya zamani haina pa kutokea, hiyo ni takribani kilo 94 za gesi, na shinikizo linafika mara moja na nusu ya kawaida. Oksijeni inashuka hadi asilimia 14. Ukitumia naitrojeni kufikia asilimia 14 hiyo hiyo, unahitaji mita za ujazo 50 za gesi, yaani mitungi 5 ya lita 50 iliyoshindiliwa hadi baa 200, karibu mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Shinikizo nalo linafika mara moja na nusu.

Sasa watu. Mapafu hayaangalii asilimia, yanaangalia shinikizo la oksijeni yenyewe. Moto ndio unaoangalia asilimia, kwa sababu kila molekyuli ya gesi ya ziada inabeba joto la mwali na kuupoza. Kwa kuwa hakuna hewa iliyotolewa, oksijeni ni ile ile, kilichoongezwa ni gesi nyingine juu yake. Kwenye chumba cha naitrojeni watu wanne wanaweza kusimama, kuvuta pumzi na kuzungumza, na kiberiti hakiwaki mikononi mwao. Masikio yanauma kama ya mpiga mbizi anayeshuka mita 5, inabidi wameze mate na kubana pua. Moshi bado ni sumu, kwa hiyo barakoa zinabaki. Lakini hakuna anayekufa kwa sababu ya kizima moto.

Kwenye chumba cha kabonidioksidi oksijeni nayo ni ile ile, na watu wanakufa. Gesi hii ina sumu yake yenyewe. Kwenye asilimia 10 mtu anapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Kwenye asilimia 34 ni pumzi chache tu. Inapotoka mitungini na mingurumo yake, inageuka ukungu mweupe wenye chembe za barafu ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na mtu hauoni mkono wake. Penye uzito inazama kwenye mashimo ya sakafu na vyumba vya chini, na hapo inaua watu waliokuwa mbali na moto. Pasipo uzito haizami, ila pia haichanganyiki vizuri, na feni umezizima.

Halafu kuisafisha. Mtu mmoja hutoa kama kilo 1 ya kabonidioksidi kwa siku. Mtambo wa kusafisha hewa uliosanifiwa kwa watu wanne huondoa kilo 4 kwa siku, hivyo zile kilo 94 ni kazi ya siku 23. Chumba hicho hakikaliki kwa wiki tatu isipokuwa uitupe hewa yake nje. Naitrojeni haihitaji kusafishwa. Inapunguzwa shinikizo taratibu na kazi imekwisha.

Mbona basi naitrojeni si jibu la kila kitu? Kuta lazima zihimili nusu ya ziada ya shinikizo. Nyambizi ina ganda la kuhimili mengi zaidi kutoka nje, lakini kuta zinazotenganisha vyumba vyake na vyombo vilivyofungwa humo ni habari nyingine. Chombo cha anga kina vali ya usalama iliyowekwa juu kidogo ya shinikizo la kawaida, na vali hiyo itaifungulia nje naitrojeni yako pamoja na oksijeni mpaka mtu aifunge kwa mkono. Hilo ni tendo zuri la kuandika: mtu anaizima vali ya usalama kwa makusudi, akijua analitegemea ganda peke yake. Na mlango wa sentimita 60 sasa umebebeshwa karibu tani moja na nusu. Walio ndani hawatoki mpaka shinikizo lishushwe, jambo ambalo kwa hadithi ni zawadi.

Ukituuliza, naitrojeni ndiyo njia iliyopuuzwa kuliko zote katika fasihi ya vyombo vilivyozibwa. Inaruhusu wahusika wabaki ndani ya chumba kimoja na moto wao, wakiutazama ukifa.

Haloni

Gesi hii haiuzimi moto kwa kuunyima oksijeni. Inakatiza mnyororo wa kemikali ndani ya mwali. Ndiyo maana haloni 1301 inatosha kwa asilimia 5 hadi 7. Kwa chumba chetu ni kama kilo 33 kwa asilimia 5, na shinikizo halipandi sana. Mtu anaweza kukaa ndani yake dakika chache na kutoka. Vyombo vya Space Shuttle vya Marekani viliitumia. Utengenezaji wake ulisimamishwa katika nchi zilizoendelea mwanzoni mwa 1994 chini ya Mkataba wa Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo hadithi yako ikiwa ya wakati ujao, eleza ilikotoka.

Udhaifu wake uko kwenye moto uliokwisha kuchelewa. Haloni ikipita kwenye mwali mkubwa au chuma chekundu inavunjika na kutoa asidi za floridi na bromidi ya hidrojeni, zinazochoma macho na koo, kisha kula mbao za saketi kimya kimya wiki kadhaa baadaye. Mwali mdogo, haloni mapema: chumba kiko salama. Mwali mkubwa, haloni kwa kuchelewa: umezima moto na kuanzisha kutu kwenye kompyuta zako.

Na si haloni zote ni pole. Tarehe 8 Novemba 2008 mfumo wa kuzima moto wa nyambizi ya Urusi Nerpa ulifunguka wakati wa majaribio baharini, bila moto wowote. Ndani walikuwamo watu 208, wengi wao raia. Gesi ya jamii hiyo hiyo ilijaa vyumbani, na watu 20 wakafa. Mwandishi anayetaka maafa ya moto bila moto ana mfano mzima hapo.

Maji, ukungu wa maji na mitungi ya mkononi

Maji ndiyo pekee katika orodha hii yanayoondoa joto kwa wingi. Kilo moja ya maji ya nyuzi 20, ikichemka na kugeuka mvuke wote, inabeba megajuli 2.6. Kwa moto wetu, nadharia inataka chini ya nusu lita kwa sekunde. Kwa kuwa matone mengi hukosa shabaha, hesabu lita moja. Dakika moja ya kupiga vizuri ni lita 60, ndoo tatu.

Mpira wa zimamoto wa kawaida unamwaga zaidi ya lita 300 kwa dakika. Dakika 10 ni tani 3 na zaidi, na kwenye nyambizi tani hizo zinatelezea upande mmoja kila inapoinama. Mtu wa usukani anapaswa kuonekana akipambana nazo. Ukungu wa maji unafanya kazi ile ile kwa maji machache, kwa kuwa matone madogo huvukizwa haraka. Kosa lake ni mvuke. Lita moja inatoa karibu mita za ujazo 1.7, na mvuke huo unaingia chini ya nguo na kuchoma ngozi ambayo mwali haukuigusa. Anayeingia lazima afunike shingo, masikio na vifundo vya mikono.

Pasipo uzito maji hayashuki. Yanashikamana na kitu kama jeli, au yanaelea kwa matone yanayoweza kuvutwa puani na kuingia kwenye viunganishi vya umeme. Ndiyo sababu umeme unakatwa kabla, si baadaye.

Mitungi midogo ni kwa moto mdogo tu. Upande wa Marekani wa Kituo cha Kimataifa cha Anga ulianza na mitungi ya kabonidioksidi ya kama kilo 2.7, kabla ya kuletwa ya ukungu wa maji. Upande wa Urusi hutumia povu lenye maji. Rafu za vifaa zina vitundu vidogo vilivyowekwa alama. Mwanaanga hafungui paneli, maana kufungua ni kuupa moto hewa. Anakata umeme wa rafu, anachomeka pua ya mtungi kwenye kitundu, anamwaga mtungi wote, anasubiri, kisha anapima. Mtungi mmoja ukisambaa kwenye chumba chetu unaacha kabonidioksidi asilimia 1.5, ambayo ni kichwa kuuma. Mitungi mitatu ni asilimia 4.5, na sasa kila mtu anahema. Mtungi pia unasukuma nyuma. Mwanaanga asiyefunga miguu yake kwenye kishikio anaruka mbali na moto huku akimwaga gesi darini.

Kwa pamoja, kwa chumba cha mita za ujazo 100

| Njia | Kinachotumika | Muda wa mwali kufa | Walio ndani | Baada ya hapo |
|---|---|---|---|---|
| Kufunga | hakuna | kama dakika 2 | wamenaswa na moshi | kufuka, hatari ya kufungua |
| Ombwe | kilo 120 za hewa | sekunde hadi dakika, kwa tundu | suti au kifo | hewa imepotea, chuma bado cha moto |
| Kabonidioksidi | kilo 94 | inapofika asilimia 34 | wanakufa | siku 23 za kusafisha |
| Naitrojeni | mitungi 5 | inapojaa | wako hai, masikio yanauma | kupunguza shinikizo |
| Haloni | kilo 33 | sekunde chache | dakika chache | asidi kama moto ulikuwa mkubwa |
| Ukungu wa maji | lita 60 na kuendelea | dakika moja hivi | mvuke | unyevu kwenye umeme |

Kinachoungua kinaweza kuibatilisha jedwali yote

Tarehe 23 Februari 1997, ndani ya kituo cha anga cha Urusi, Mir, mtungi wa kuzalisha oksijeni kwa kemikali ulishika moto kwenye moduli ya Kvant-1. Walikuwamo watu sita, na mwali ulikaa kwenye njia ya kuelekea chombo kimojawapo kati ya viwili vya kurudia nyumbani. Moto wa namna hiyo hauhitaji hewa ya chumba, unajitengenezea oksijeni. Kuufungia mlango, naitrojeni, kabonidioksidi na hata ombwe havina la kuufanya. Watu walimwaga povu la maji, kupoza kilichouzunguka, na mtungi ukaisha wenyewe. Betri za lithiamu zina tabia inayokaribiana. Gesi inaua mwali unaoonekana, seli ya jirani inapashwa joto, na dakika chache baadaye inafyatuka. Dawa yake ni maji mengi na muda mrefu. Magnesiamu ni kinyume: inaungua ndani ya kabonidioksidi, na maji yakiifikia inatoa hidrojeni.

Kisha kuna bomba. Kwenye nyambizi ya Kisovieti Komsomolets, tarehe 7 Aprili 1989, moto ulianza chumba cha nyuma, bomba la hewa ya shinikizo kubwa likapasuka na kuupulizia. Chumba kilikuwa kimefungwa, ila si kwa moto. Watu 42 kati ya 69 walikufa, wengi wakiwa tayari wametoka, ndani ya maji ya baridi. Kabla ya kuchagua njia, chora mabomba yanayopita kwenye chumba chako.

Vivyo hivyo hewa uliyoichagua sura ya kwanza. Chombo chenye shinikizo dogo na oksijeni asilimia 34, mpangilio unaowafaa wanaovaa suti mara kwa mara, kinafanya kila moto uwe mkali zaidi na kila kiasi cha gesi hapo juu kisitoshe.

Basi uchague ipi

Hadithi yako ikiwa ya nyambizi iliyo chini, na unataka watu wafanye kazi kwa mikono yao, chukua maji na mpira, kisha uzito wa maji yale uwasukume kupanda juu mahali wasipotaka kuonekana. Ikiwa ni kituo kidogo cha anga cha watu watatu au wanne, zima feni, kata umeme, na utumie mtungi mmoja kwenye kitundu kimoja. Moto wa rafu unaotafutwa kwa kipimo cha mkononi unatisha kuliko ukumbi unaowaka. Ukitaka uamuzi wa nahodha unaomgharimu mtu, kabonidioksidi na mlango uliofungwa vinatosha, na usiongeze kingine. Meli kubwa ya safari ndefu yenye hesabu kali ya hewa inafaa ombwe, mradi urudi kwenye zile kilo 120 tena na tena. Na ukiwa na wahusika wawili wasioelewana unaotaka wabaki chumba kimoja, naitrojeni.

Kwa njia yoyote, usiufungue mlango kwa sentensi moja. Chumba kina pande sita, na kila upande una jirani. Mtu anapita nje akigusa kuta kwa mgongo wa mkono, anamwagia maji palipo moto, anaondoa karatasi na nguo zilizoegemea ukuta wa pili. Shinikizo linasawazishwa kwa vali ndogo, mkono ukiwa tayari kuifunga. Mlango unaachiwa kidogo, wa kwanza akiwa amepiga magoti pembeni, maji yakiwa tayari, barakoa usoni. Ndani wanapima oksijeni, monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni kabla mtu yeyote hajavua chochote. Kisha mmoja anaachwa pale na mtungi, ameketi mbele ya insulesheni nyeusi iliyolegea, saa moja, saa mbili, akiutazama ufa mmoja ambao bado unatoa uzi mwembamba wa moshi.